Laptopu Inayowaka Siku Ikitaka: Namna ya Kuusaka Ugonjwa Kabla ya Kushika Njia ya Kariakoo

Shemeji yangu anakaa Mbagala. Laptopu yake ilianza kumzingua hivi: asubuhi anabonyeza kitufe, kimya, jioni anabonyeza, inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliibeba kwenye daladala mara tatu hadi kwa fundi Kariakoo, na mara zote tatu iliwaka palepale mezani kwa fundi. Mara ya kwanza fundi alicheka tu. Mara ya pili akapiga Windows upya na kulipwa. Mara ya tatu akasema mazabodi, yaani ubao mkuu wa mashine, imechoka, atafute mashine nyingine.

Kumbe kila safari shemeji alikuwa anaacha chaja nyumbani ili mfuko usiwe mzito, na fundi alikuwa anachomeka chaja yake mwenyewe. Waya wa chaja ya shemeji ulikuwa umekatika kwa ndani, pale shingoni unapoingia kwenye kichwa. Ukilala upande huu unagusana, ukilala upande ule unaachana. Betri nayo ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo waya ukiachana mashine inakuwa jiwe.

Laptopu inayogoma siku zote ni rahisi kuitibu. Inayogoma siku nyingine tu ndiyo inayokula hela, kwa sababu kila anayeishika anabahatisha. Lakini hata hiyo haigomi ovyo. Kuna sharti linaloifanya igome: joto, mkao wa waya, chaji iliyobaki, namna ilivyozimwa jana. Mwongozo huu ni wa kulisaka sharti hilo ukiwa nyumbani, kwa hatua zisizo na gharama kwanza, bisibisi baadaye, fundi mwisho.

Imewaka leo? Nakili kazi zako leo

Usianze uchunguzi wowote kabla ya hili. Chukua flashi au diski ya nje, hamisha picha, nyaraka, vitabu vya hesabu za biashara, chochote ambacho ukikipoteza utalia. Kesho huenda isiwake.

Jambo la pili ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa: laptopu nyingi zenye Windows 11 hufunga diski kwa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda faili) zenyewe pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukigusa mipangilio ya BIOS (programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows), au fundi akibadilisha ubao, mashine inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, utafute ufunguo huo, uuandike kwenye karatasi. Ukikosekana, faili zilizomo ndani hazifunguki, hata kwa fundi hodari.

“Haiwaki” ni maneno manne tofauti

Ukimwambia fundi “haiwaki” hujamwambia kitu. Angalia vizuri inapogoma, uone iko kundi gani.

Kuna ile iliyokufa kabisa: hakuna taa, feni haizunguki, hata ukichomeka chaja hakuna dalili. Hapo mshuku chaja, tundu la chaji, betri, kitufe chenyewe, au njia ya umeme kwenye mazabodi.

Kuna inayowasha taa na feni lakini skrini inabaki nyeusi. Mara nyingi ni RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), au skrini yenyewe na waya wake, au imelala na haitaki kuamka.

Kuna inayoonyesha nembo ya kampuni kisha inakwama, inazungusha vidoto bila mwisho, au inaandika kwamba haioni diski. Huko umeme hauna kosa. Tazama diski na Windows.

Na kuna inayowaka sekunde tatu au kumi kisha inajizima, wakati mwingine inajaribu tena yenyewe. Hiyo inaweza kuwa joto, RAM, chaja dhaifu, au shoti ndani.

Kundi moja tu kati ya hayo manne ndilo linaloweza kuponywa kwa kupiga Windows upya, nalo ni la tatu, tena si kila mara. Mashine isiyowasha hata taa haijafika kwenye Windows. Yeyote anayetaka kukupigia Windows ili kuponya mashine isiyo na taa anakuuzia panadoli ya mguu uliovunjika.

Daftari la wiki moja

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Chukua daftari au ukurasa wa kwenye simu. Kila unapoiwasha, iwake au isiwake, andika: saa, mahali (sebuleni, ofisini, chuoni), chaja ilikuwa imechomekwa au la, betri ilibaki asilimia ngapi mara ya mwisho, jana uliizima kabisa au ulifunga tu kifuniko, mashine ilikuwa ya moto au imepoa, taa zipi ziliwaka, ulibonyeza mara ngapi mpaka ikakubali.

Andika na siku ilizowaka vizuri, maana bila hizo huna cha kulinganisha.

Baada ya siku saba soma mstari kwa mstari. Inagoma nyumbani tu, ofisini haigomi? Tofauti ni soketi, ekstensheni au chaja. Inagoma asubuhi ikiwa imepoa, ukiipa dakika kumi kwenye chaja inakubali? Betri ilikuwa tupu, au kuna kiungo kinachohitaji joto ili kigusane. Inagoma mchana wa Februari baada ya kukaa kwenye gari lililoegeshwa juani? Ni joto. Inagoma ukishaibeba kwenye daladala la barabara mbovu? Kuna kitu kimelegea ndani. Inagoma tu siku ulizofunga kifuniko bila kuizima? Huo ni usingizi, na dawa yake iko mbele kidogo.

Umeme: anzia ukutani, uje mpaka kwenye tundu

Hapa mjini lawama za kwanza huenda kwa umeme. Sehemu kubwa ya lawama hizo haistahili. Umeme wetu ni volti 230, na chaja halisi ya laptopu ina maandishi mgongoni yanayosema inapokea volti 100 hadi 240. Kwa hiyo ule umeme mdogo wa saa mbili usiku, taa zinapofifia mtaa mzima, chaja halisi inauvumilia bila shida. Chaja feki ndiyo inayoshindwa. Kinachoumiza kweli ni mshtuko wa umeme unaporudi baada ya kukatika. Ukikatika, chomoa, subiri dakika chache baada ya kurudi, ndipo uchomeke.

Fuata mpangilio huu:

1. Chomeka chaja moja kwa moja ukutani, bila ekstensheni na bila adapta ile ya kubadilisha pini. Ekstensheni za bei ya chini hulegea ndani haraka, na mara nyingi plagi ndogo ya pini mbili iliyolazimishwa kwenye soketi ya pini tatu hushikilia kwa kudra tu.

2. Kama chaja ina taa, itazame huku ukiupinda waya taratibu sehemu mbili: karibu na boksi lake, na karibu na kichwa kinachoingia kwenye laptopu. Taa ikizima na kuwaka, umempata mkosaji. Usiuzungushie gundi ya umeme na kuendelea kuutumia, maana waya uliokatika nusu hupata moto.

3. Soma namba za kutoa. Volti za chaja lazima zilingane na za laptopu (19, 19.5, 20, kadiri ilivyoandikwa chini ya mashine), na wati zisiwe pungufu. Chaja ya wati 45 kwenye mashine inayotaka 65 inaweza kuiwasha ikiwa betri imejaa na kushindwa ikiwa betri ni tupu. Ukitazama juu juu utaapa kwamba mashine ina mashetani.

4. Ukiwa na multimita, au jirani fundi umeme anayo, pima kwenye kichwa cha chaja huku mtu mwingine akitikisa waya. Usomaji ukirukaruka, chaja imekwisha. Chaja za USB-C usizipime hivi, kwa kuwa hazitoi volti kamili mpaka ziwasiliane na mashine. Hizo zijaribu kwa chaja nyingine na kwa tundu jingine la USB-C kama lipo.

5. Tikisa kidogo kichwa kikiwa ndani ya tundu. Kikicheza, au tundu likipata moto, tundu limelegea. Katika mashine nyingi tundu hilo ni kipande chenye waya wake, kinabadilishwa bila kugusa mazabodi. Muulize fundi swali hilo kabla hajataja bei.

Neno kuhusu Dell: kichwa chao cha duara kina pini nyembamba katikati ambayo kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa mashine. Pini hiyo ikipinda, au chaja ikiwa ya kuiga, mashine huandika kwamba haiitambui chaja, inaenda polepole, na haichaji betri. Mtu hubonyeza kitufe cha kuendelea, akasahau. Siku umeme ukikatika ndipo anashangaa betri iko sifuri.

Kumwaga umeme uliobaki ndani

Ndani ya laptopu kuna chipu ndogo inayosimamia kitufe, betri na chaji hata mashine ikiwa imezimwa. Wakati mwingine hiyo ndiyo inayoganda. Zima mashine, chomoa chaja, chomoa kila kilichochomekwa pembeni: flashi, mausi, waya wa tivii. Kama betri inatoka, itoe. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 30 nzima, ukihesabu, bila kukisia. Chomeka chaja peke yake, uwashe.

Baadhi ya ThinkPad ambazo betri haitoki zina kitundu kidogo chini cha kusukuma kwa ncha ya klipu ya karatasi. Chomoa chaja kwanza.

Ikikubali baada ya hapo, furahi kwa kiasi. Ukihitaji kufanya hivyo kila baada ya siku mbili, ugonjwa bado upo. Andika kwenye daftari. Na kama ilikuwa inagoma ikiwa na flashi au waya wa USB pembeni, huenda ilikuwa inajaribu kuwaka kutoka kwenye flashi hiyo.

Usingizi unaofanana na kifo

Watu wengi hawazimi laptopu, wanafunga kifuniko. Mashine inalala, betri inaisha usiku, asubuhi skrini nyeusi. Hata ukiizima kwenye menyu, tangu Windows 8 ya mwaka 2012 “kuzima” huwa si kuzima kamili: sehemu ya Windows huhifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Draiva moja (programu inayoendesha kifaa) ikikosea hapo, kosa linahifadhiwa pamoja nayo, na kila asubuhi unaamka nalo.

Jaribio la kwanza halihitaji ujuzi. Kwa siku tatu, shikilia kitufe cha Shift wakati unabofya kuzima kwenye menyu. Huko ndiko kuzima kamili. Ikiwaka vizuri siku zote tatu, ua kabisa tabia hiyo: tafuta cmd, uifungue kama msimamizi, andika powercfg /h off kisha bonyeza Enter. Itawaka polepole kidogo kuliko ulivyozoea. Kwa diski za SSD, zile za kasi zisizozunguka, hutaona tofauti ya maana.

Ukiwa kwenye dirisha hilohilo, andika powercfg /batteryreport. Windows itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilipoihifadhi. Ifungue, linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Kama umebaki chini ya nusu, betri ni mshukiwa halali. Kwa laptopu za mtumba kutoka nje, ambazo ndizo nyingi mitaani kwetu, ripoti hii ningeomba kuiona hata kabla ya kulipa.

Kuna wanaofungua kumbukumbu za matukio ya Windows, wakakuta kosa namba 41 la Kernel-Power na kuanza kununua vifaa. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga, na kwa nini, haisemi. Huandikwa mashine inapowaka tena, kwa hiyo itumie kupata muda wa kukadiria tu, ulinganishe na daftari lako.

Skrini nyeusi, feni inazunguka

Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, uimulike skrini kwa pembeni. Ukiona kivuli cha maandishi au nembo, mashine ni nzima, ila mwanga wa skrini haufanyi kazi. Kisha unganisha laptopu kwenye tivii kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea kwenye tivii, tatizo ni skrini au waya unaopita kwenye bawaba. Kama picha huja ukiwa umefungua kifuniko nusu tu, ni waya huo.

Bila picha popote, hesabu taa. Laptopu nyingi husema ugonjwa wao kwa kupepesa: HP nyingi hutumia taa ya Caps Lock, Dell hutumia taa ya betri. Kwa Dell nyingi za miaka ya karibuni, mipepeso miwili ya njano na mitatu nyeupe maana yake haioni RAM kabisa. Miwili na minne, RAM ina hitilafu. Mitatu na mmoja, betri ndogo ya BIOS imekwisha. Irekodi kwa video ya simu, kwa sababu fundi akiipata video hiyo hahitaji kukuamini kwa maneno.

Siku ambayo mashine inawaka, tumia vipimo vyake vya ndani: F2 mara tu baada ya kuwasha kwa HP, F12 kwa Dell kisha chagua uchunguzi, F10 kwa ThinkPad nyingi. Hupima RAM, diski, betri na feni bila kutegemea Windows.

Ukiamua kufungua

Kama mashine bado ina waranti, acha. Kama kifuniko cha chini au sehemu ya kugusia mausi imevimba, acha pia, na usiichaji tena: betri imejaa gesi, na ikitobolewa inawaka moto. Mpelekee fundi ikiwa imezimwa, usiibane kwenye mfuko.

Kwa mashine ya kawaida, piga picha kila hatua na panga skrubu kwenye karatasi kwa mchoro wa zilikotoka, maana urefu wake haulingani. Ndefu ikiingia pa fupi inatoboa ubao. Kitu cha kwanza ukishafungua ni kuchomoa waya wa betri. Kisha gusa chuma kisicho na rangi kabla ya kugusa vifaa, hasa kama umekaa kwenye kiyoyozi.

RAM ndiyo ya kuanza nayo, na Dar ina sababu zake. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na ukikaa Kigamboni, Msasani au popote karibu na bahari, ina chumvi pia. Meno ya dhahabu ya RAM hupata utando usioonekana vizuri kwa macho. Fungua vibanio viwili vya pembeni, RAM itanyanyuka yenyewe kwa mshazari. Sugua meno yake taratibu kwa ufutio mweupe wa shule, pangusa vumbi la ufutio, malizia kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kusafishia vidonda ina maji mengi, haifai. Irudishe mpaka usikie vibanio vinalia. Zikiwa mbili, jaribu moja moja, kila moja kwenye kila tundu, siku mbili mbili. Nimeona laptopu “zilizokufa” zikifufuka kwa ufutio mara nyingi kuliko kwa kifaa kingine chochote. Mashine nyembamba nyingi RAM yake imechomelewa kwenye ubao. Kwa hizo, ruka hatua hii.

Betri ndogo ya BIOS, mara nyingi CR2032 ya volti 3 ikiwa na waya au kibebeo, inatiliwa shaka kama saa na tarehe hurudi nyuma miaka kila inapokaa bila chaja. Mashine nyingi mpya hazina kabisa.

Diski ya SATA, ile ya kisanduku bapa, hukaa kwenye waya mpana wa plastiki unaolegea kwa mtikisiko, ichomoe uirudishe. SSD ya M.2, ile nyembamba kama kijiti, inashikiliwa na skrubu moja, hakikisha haijalegea. Mashine ikiwaka, tumia programu ya CrystalDiskInfo inayopima afya ya diski. Ikionyesha njano au nyekundu, huenda diski inaaga dunia.

Kwa joto, puliza vumbi kwenye feni ukiwa umeishika mapanga yasizunguke ovyo. Pesti ya prosesa iliyokauka kama chokaa ibadilishwe, ila kama hujawahi kuitoa, hiyo muachie mwenye mazoea.

Kwa fundi

Kilichobaki baada ya hayo yote ni mazabodi: kiungo kilichopata ufa, kifaa kidogo cha umeme kilichochoka, au athari ya chai iliyomwagika mwaka jana. Hapo unahitaji mtu mwenye vifaa vya kupimia, na Kariakoo wapo, hasa kwenye maghorofa ya Mtaa wa Aggrey na jirani zake, ingawa si kila meza yenye hadubini ina fundi wa kuitumia.

Nenda na mashine, chaja yako mwenyewe, ekstensheni yako kama ilihusika, daftari, na video ya taa. Kabla hujaiacha, piga picha lebo za RAM, diski na betri mbele yake, kwa adabu: “Fundi, naomba nichukue namba zake, kumbukumbu zangu tu.” Fundi mwaminifu hatakasirika. Mwombe aijaribu kwa chaja yako, na aiache ipoe kabisa kabla ya kuiwasha tena, ikiwezekana ilale kwake usiku mmoja.

Akisema anaichoma mazabodi kwa hewa ya moto “ili viungo vishikane”, muulize ni kiungo kipi na amekijuaje. Kuichoma bila kujua huifanya iwake wiki mbili, kisha mnaanza upya. Na akisema imepona, usilipe salio kwa mwasho mmoja. Izimeni kwa Shift, subirini, iwasheni, mara kumi, nusu ya mara hizo ukiwa umetikisa chaja na nusu ikiwa kwenye betri peke yake. Agiza chai wakati mnasubiri, ila ikae mbali na meza.